Parsele ya Tatu

Florent alifika kutoka Butembo siku ya Jumanne asubuhi, akiwa na mnunuzi. Ni mdogo wake marehemu babu yangu, lakini mimi simwiti babu. Hakubisha hodi. Alisukuma lango, akaanza kumwonyesha yule bwana nyumba ya nyanya yangu kama mtu anayeonyesha mbuzi sokoni: huku sebule, huku vyumba viwili, mabati bado mazima.

Nyanya yangu, Koko Athanasie, alikuwa amekaa uani juu ya gunia, anavunja mawe ya lava kuwa kokoto. Ana miaka sabini na moja. Kwa kazi hiyo alisomesha watoto wanne baada ya mume wake kufa, na mawe yote ya ukuta wa nyumba ile aliyachonga mwenyewe. Hakusimama.

"Shemeji, hausalimie wageni?"

"Mugeni anapigaka hodi. Wewe ni nani?"

Mnunuzi alicheka, akanyamaza alipoona Florent hacheki.

Florent alitoa karatasi kwenye mfuko wa plastiki. Ilikuwa ya kiwanja cha babu, ya mwaka 1994: parsele ya tatu kutoka kona. Familia imekaa, alisema, imeamua. Mali ya ndugu yao inarudi kwao. Mwanamke aliyekuja kuolewa tu hawezi kufa na ardhi ya watu mkononi. Alimpa hadi mwisho wa mwezi awe ametoka. Alisema kwa sauti kubwa ili majirani wasikie, nao wakasikia. Mama Lucie alikuja na mwiko wa fufu mkononi, wengine wakachungulia juu ya ukuta.

Nilikuwa nimeshika jiwe, sikatai. Koko alinitazama mara moja tu, nikalitua.

"Unatafuta kitu ya ndugu yako," alimwuliza Florent. "Hakuna ingine?"

"Ya ndugu yangu tu. Ya kwako sitaki hata kijiko."

"Rudilia, Mama Lucie asikie."

Alirudia, akaapa kwa jina la Bikira Maria.

"Basi enda uhesabu."

Tukatoka wote hadi barabarani. Florent alianzia kona, akitembea kwa madaha: moja, mbili, tatu. Kidole chake kikatua kwenye lango letu.

"Njo hii, ya tatu!"

Majirani walicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Mtu yeyote wa Birere, mtaa wetu hapa Goma, angejua. Lava ya volkano ya 2002 ilifunika mtaa, na tingatinga lilipokuja kuchonga barabara upya lilipita juu ya parsele ya kwanza. Kona ikasogea. Florent hakuwepo, wala hakuja kuuliza kama watu wako hai. Parsele ya tatu ya zamani leo ni ya pili: kilima cheusi cha lava, kirefu kupita mtu, kisicho na mwenye kukigusa. Nyumba ya babu imo chini yake, pamoja na kitanda chake. Hii yetu Koko aliinunua kwa Mama Donatille, jirani aliyekimbilia Sake akakataa kurudi. Karatasi ina jina moja tu: Kaswera Athanasie.

"Nilikutumia barua tatu," Koko alimwambia. "Kuya unisaidie kuchimba. Nilikuwa na watoto wanne, sina hata sahani. Haukujibu. Kitu ya ndugu yako ile pale. Sikuiuzisha. Beba."

Mnunuzi alikuwa ameshapanda pikipiki.

Florent alibaki katikati ya barabara, karatasi inapepea mkononi. "Siku utakufa nani atakuzika? Sisi hatutakuya!"

"Vizuri sana. Wenye kunililia watapata fasi ya kukaa."

Alimwacha aende bila hata glasi ya maji. Mimi ningempa. Ndiyo maana nyumba ni yake, si yangu.

Mchana alinituma rangi nyekundu. Goma nyumba nyingi zimeandikwa onyo, kwa sababu ndugu huuza za ndugu zao. Nikaandika ukutani: PARSELE HAIUZWI.

"Ongeza ukubwa," alisema. "Ataleta mutu mwingine, na ule hatakuwa amesikia ya leo."

"Niandike na jina?"

"Yangu. Ya babu yako andika kule juu ya lava, familia yake isipotee tena."