Hodi Mbili

Kitabu hiki cha mashairi ya Wamarekani wa karne ya kumi na tisa bado kinanuka moshi wa jiko la bibi, kule milimani Vidunda. Shangazi alikuwa anarudia mtihani wa kidato cha sita, na swali la kulinganisha washairi wawili lilikuwa limeshamwangusha mara moja. Sisi tunapukuchua mahindi, yeye anasoma. Mshairi wa kwanza, mwanamume, alimsoma kwa sauti kubwa, mistari mirefu mpaka akaishiwa pumzi. Wa pili, mwanamke, alimsoma taratibu, akikatiza katikati.

Bibi hakujua Kiingereza. “Huyo wa kwanza anapiga hodi toka barabarani, kijiji kizima kisikie,” alisema. “Shikamoo yenyewe hana. Lakini nampenda, ana furaha.”

“Na wa pili, mama?”

“Huyo kafika mlangoni kitambo. Anaona haya kuita.” Bibi akaweka gunzi chini, akakigeukia kitabu. “Karibu, mwanangu.”

Shangazi alicheka, kisha akayaandika maneno hayo pembeni mwa ukurasa. Ndiyo aliyokwenda kujibu kwenye mtihani, na akafaulu.

Leo nimelisoma shairi fupi la yule mwanamke, taratibu kama shangazi. Nimefika mwisho, nikangoja mtu wa kuitikia “karibu” kama bibi.