Tumbo la Mafunzo Ndani ya Bajaji

Chekeni kabisa sasa hivi tumalize, kwa sababu mimi ndiye yule mwanamke aliyebebwa juujuu pale Kahama akiwa na mimba ya plastiki, na kama mnaishi mtaa wa Nyahanga huenda mlinishika hata mguu mmoja.

Niwaeleze taratibu. Kazi yangu ni kuwafundisha wauguzi namna ya kumwokoa mama anayetokwa na damu nyingi akijifungua, somo nililolipata chuoni ng'ambo; mimi nawafundisha wauguzi, wao wanawafundisha wahudumu wa afya wa mitaani, na wahudumu wanawaeleza akina mama na madereva (ndivyo tulivyopanga, ila sikuwahi kuliona somo likifika huko). Tunatumia tumbo la mafunzo: unalifunga kiunoni kwa mikanda, ndani yake kuna mtoto wa plastiki na mfuko wa maji mekundu, na mwalimu anajifanya mzazi.

Siku hiyo walimu wangu wa ng'ambo walikuja kituo cha afya kutazama mafunzo, nami nikaona (kiherehere tu) nilivae tumbo kabisa nikiwa gesti, niingie kituoni nikiwa mjamzito, wageni washangae. Nikajitupia dera, nikapanda bajaji ya kijana anaitwa Masanja, tukaenda vizuri mpaka tuta la karibu na soko, bajaji ikaruka, kizibo cha mfuko kikafyatuka, maji mekundu yakanishuka miguuni mpaka sakafuni.

Masanja akageuka, akaona, akafunga breki, akamlilia mama yake kwa Kisukuma.

"Mayu wane! Dada, damu!"

"Siyo damu, kaka, mimi mzima, hata mimba sina."

"Anasema hana mimba!" akawapigia kelele wauza nyanya. "Ameshaanza kupotea huyu, njooni!"

Akaingia mama mmoja wa pale sokoni, Mama Ng'washi, akanilaza kwenye kiti, akainua miguu yangu. Nikamwambia jamani sina shida.

"Nyamaza, mwanangu," akasema. "Tumefundishwa. Mama anayetoka damu akisema hana shida, usimsikilize, mkimbize."

Maneno yale ni yangu! Niliwatamkia wauguzi vilevile, darasani, na sasa yananirudia kwa mtu ambaye sijawahi kumwona, anayenuka nyanya, aliyeshika miguu yangu kama ya mtoto wake. Nikamwachia miguu, siyo kwa aibu, kwa mshangao tu.

Mwingine ananifunika kanga mpaka usoni, mwingine anapiga simu kituoni, bodaboda wametangulia wakipiga honi kufungua njia. Tulipofika kituoni machela ilikuwa nje inasubiri, wakanibeba juujuu mpaka hapo, dripu imetundikwa, na vijana wa sokoni wanakunja mikono ya mashati wakiuliza damu inatolewa wapi. Wageni wangu wakadhani ndiyo onyesho, wakapiga makofi, na muuguzi wa zamu, Sista Kulwa, akawafukuza: "Tokeni! Mtu anakufa hapa!" Kisha akafunua dera, akakutana na mtoto wa plastiki, akaiondoa kanga usoni pangu.

"Mwalimu?"

Hakucheka. "Toka ukawaambie mwenyewe. Kesho akija mwenye damu ya kweli, wakidhani ni wewe tena wakasitasita, atafia pale kwenye tuta."

Nikatoka, dera limelowa, mtoto wa plastiki mkononi (sijui nilimbeba wa nini), nikawaeleza wote waliotufuata kutoka sokoni. Nikawaomba radhi, maana alichosema Sista Kulwa kilikuwa kweli.

Masanja akaitazama bajaji yake iliyolowa, akanitazama.

"Sasa dada, ingekuwa kweli, tungekuwahi?"

Nikamgeukia Sista Kulwa. Akatikisa kichwa kuitikia.

"Mngeniwahi," nikasema.

"Basi," akasema Mama Ng'washi, "hata ukimwaga tena kesho, tutakukimbiza kwanza. Matusi baadaye." Hapo ndipo soko zima likacheka, na mimi nikacheka huku nalia.

Nimeapa: tumbo lile halitoki kwenye begi mpaka mlango wa darasa ufungwe. Watu wale wako tayari kukimbia, na sitaki kuwachosha bure.