Kidole Changu na Kaburi Jeupe

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi hapa Durban, vidole vyangu tayari vilisuka vizuri kuliko vya mama zenu. Shule niliiacha baadaye, nywele sijaacha. Bibi, aliyesukia watu pale sokoni Warwick, alikuwa ameniahidi mteja wangu wa kwanza Jumatatu. Nilijiona bosi.

Jumapili, baada ya ibada, Mama Lin, aliyetuuzia nywele za kusukia, akatupeleka kwa gari kuona mahekalu yao ya Kibudha, kwenye mji mdogo kando ya mto. Tukaanzia pangoni. Buddha alikaa kati ya mishumaa, na Bibi akamwinamia kidogo, akamsalimu kwa Kifaransa cha kwetu: "Bonjour, papa." Hakutaka kumwudhi mwenye nyumba. Nje, kilimani, ilisimama pagoda nyeupe, mnara wa hekalu.

"Ndani iko nini?" nikauliza.

"Majivu ya mtawa wetu mkubwa," Mama Lin akasema.

"Basi ni kaburi," Bibi akadakia. "Usilinyooshee kidole, mjukuu wangu. Kitaoza."

Mimi huyu, nikatazwe nitulie? Nikausogelea mnara, nikanyoosha kidole mpaka kikagusa ufa ukutani. Nyuki akatoka, akanichoma kwenye ncha.

"Eish, Bibi, kinaoza."

Kilivimba kama kandizi. Sikulilia maumivu, nilililia Jumatatu yangu. Mama Lin akautoa mwiba kwa ukucha, akakichovya kidole kwenye maji baridi. Bibi hakuridhika.

"King'ate ukate mkosi, halafu tukaombe radhi."

Nikaking'ata. Tukaizunguka pagoda, viatu mkononi, Bibi akitaja majina ya ndugu zake waliozikwa Uvira, kwetu tulikokimbia, mmoja mmoja. Alipomaliza akaanzisha wimbo wa kanisani. Mama Lin, asiyejua hata neno, akapiga makofi. Watawa wakaja nyuma yetu wakicheka. Tulikwenda kuomba radhi, ikageuka harusi.

Jumatatu kidole kilikunjika, nikasuka, mteja akajitazama kwenye kioo mpaka akachelewa taxi.

"Ni maji yangu," Mama Lin akajisifu.

"Maji gani? Tuliomba radhi," Bibi akajibu. Walibishana hivyo kwa miaka.

Leo nina saluni Greyville. Foleni yake njoo uone. Mteja akiuliza choo kiko wapi, namwelekeza kwa midomo. Wananicheka, wacheke. Ninajua alikuwa nyuki tu. Lakini Bibi hakuwa na njia ya kurudi Uvira kufagia makaburi ya ndugu zake, na siku ile kaburi la mgeni lilimpokea. Alirudi garini akichezesha mabega kama msichana. Kwa kumwona vile tena, ningempa nyuki vidole vyote.