Nilimzuia mama mdogo mlangoni na mtungi wake, mama akiwa ndani anaumwa sukari

Salaam wakuu. Nimeishia darasa la saba, mtanivumilia kwenye uandishi. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, na pale nilipokosea sitapaficha.

Mama alikuwa na kisukari cha kuchoma sindano. Mzee alipofariki, mama alibaki Kibuta, Kisarawe, na mke mwenzake, ambaye mimi namwita mama mdogo. Wakilima pamoja, wakipika pamoja. Mimi naishi Soga, Kibaha, na mke wangu.

Ramadhani iliyopita mama alianguka shambani. Sukari ilishuka mpaka akawa hatambui mtu. Hospitali wakamtundikia dripu ya glukosi, akazinduka. Daktari akasema alichoma sindano huku amefunga.

Sikuamini. Moyoni nilijua mama mdogo anamnyima chakula. Habari za wake wenza mtu unakua ukizisikia.

Nilipomuuliza mama, akacheka. "Huyo ndiye anayenigombeza nisifunge."

Nikasema moyoni, basi ameshalishwa kitu.

Nikamhamishia kwangu Soga. Mama mdogo alitaka kunielekeza mambo ya dawa, nikamkatisha, nikamwambia hospitali wameshanielekeza. Ukweli ni kwamba walisema iwekwe kwenye ubaridi, mimi sikuuliza zaidi.

Mke wangu ana friza la kuuzia barafu. Chupa za insulini nilizisukuma chini kabisa kwa mkono wangu. Nilidhani baridi ikizidi ndiyo vizuri zaidi. Kila asubuhi tunatoa chupa, ikiyeyuka tunamchoma, tunairudisha.

Haikupita wiki mbili mama akawa anakunywa maji hatosheki, anakojoa kila saa, anakonda.

Siku moja mchana mama mdogo akatokea. Amebeba mtungi, ndani yake kuna chungu kidogo, kati ya mtungi na chungu mchanga mbichi, juu kitambaa kimelowa. Wakuu, mngewaza nini?

Nikasimama mlangoni.

"Shikamoo mama mdogo. Hicho kitu hakiingii humu."

"Marahaba. Nisikilize kwanza, mwanangu."

"Rudi nacho."

Akautua chini, akamsalimia mama kupitia dirishani, akaondoka. Hata maji hakunywa. Nikaubeba nikautupa shimo la taka, ukavunjika.

Siku tatu baadaye mama akaanza kutapika na kuhema kwa kasi. Tukamkimbiza hospitali. Kipimo cha sukari hakikutoa namba, kiliandika HI, yaani imepanda kupita uwezo wake wa kusoma.

Nikamvuta nesi pembeni nikamwambia apime na sumu, kuna mtu alikuja nyumbani. Yeye akauliza dawa inakaa wapi. Mke wangu akajibu, kwenye friza, chini ya barafu.

Nesi akasema, "Insulini ikishaganda imeharibika, hata ikiyeyuka. Mlikuwa kama mnamchoma maji."

Mama alifariki siku ya pili. Tukamzika Kibuta.

Kwenye matanga nilimfuata mama mdogo uani, anachambua mchele. Nikamweleza yote, tuhuma zangu, friza, mpaka shimo la taka. Hakuinua uso.

"Ule mtungi ni wa mama yako," akasema. "Dawa yake imekaa humo miaka yote. Mimi nilikuwa naumwagia maji kila asubuhi, usipoteze ubaridi. Nikaona huko atauhitaji."

Kisha akasogea kwenye mkeka, akaniachia nafasi ya kukaa. Nikakaa, tukachambua mchele.

Wakuu, miaka yote hiyo nilikuwa naenda Kibuta, nakula, naaga. Mtungi ulikuwa pale pale chumbani kwa mama. Sikuwahi kuuliza dawa ya mama inakaa wapi. Kumshuku mtu niliona rahisi kuliko kuuliza.

Kama nyumbani kwako kuna anayechoma insulini, inuka sasa hivi ukaangalie ilipo, na usilolijua muulize nesi. Ukirudi utuandikie hapa mnaihifadhi vipi. Wa kunilaumu pia karibuni, nitasoma yote.