Raba Nne za Friji ya Zahanati

Kila asubuhi, kabla hata ya kuweka mkoba chini, shangazi yangu huchukua bisibisi ndefu iliyotundikwa kwenye msumari wa mlangoni. Huegemeza ncha yake kwenye kompresa ya friji ya kwanza, na mpini wake kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, kisha hufumba macho. Akiridhika huhamia friji ya pili. Zikiwa sita, hufanya hivyo mara sita. Wakati huo hasalimu wala hasalimiwi. Akimaliza huirudisha bisibisi msumarini na kusema, kama daktari aliyetoka wodini, "Haya. Hamjambo?"

Kwa bisibisi hiyo husikia vali isiyofunga sawasawa na mafuta yaliyopungua. Alianzia kwenye kiwanda cha barafu, alikoajiriwa kufagia. Siku moja, ufagio mkononi, alimwambia fundi mkuu kwamba mashine ya tatu haitamaliza wiki. Fundi mkuu alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama, wewe sikiliza ufagio wako." Ijumaa mashine ya tatu ikafa. Jumatatu shangazi akapewa bisibisi, na ufagio ukatafutiwa mtu mwingine. Leo ana miaka hamsini na minne na karakana yake mwenyewe, jina lake limepakwa rangi mlangoni. Mimi, mtoto wa kaka yake, nilirudi kutoka chuo kikuu na shahada ya fasihi, nikapewa kazi ya kuandika vibandiko: friji ya nani, inaugua nini, inachukuliwa lini.

Upande wa pili wa ukuta palikuwa na ghala la magodoro. Magodoro yalipoondoka, ikahamia bendi.

Siku hizo mji wetu ulikuwa umeambiwa kwamba una muziki. Sisemi ulikuwa nao, nasema uliambiwa. Mwandishi mmoja wa mtandaoni kutoka mji mkuu aliharibikiwa na gari hapa, akakaa siku mbili akisubiri gia boksi, na kwa kukosa la kufanya akaandika kwamba bendi huru bora za nchi hii zinazaliwa kwetu. Basi. Kila mwenye gitaa la nyuzi sita lililobaki na nne akawa msanii huru. Na huru walikuwa kweli, maana hakuna aliyewahitaji popote. Walikaa kwenye mikahawa, kikombe kimoja watu watatu, wakizungumzia albamu ambazo hazijatoka za bendi ambazo hazijakutana. Ukiwauliza watapiga lini, walikutazama kama umewatukana.

Bendi ya nyuma ya ukuta wetu iliitwa Kimya cha Tatu. Kimya cha kwanza na cha pili hatukuwahi kubahatika kuvisikia. Mwimbaji tulimwita Koti, kwa sababu alivaa koti la sufu hata siku ambazo mbwa walilala mitaroni wakitafuta ubaridi. Meneja alikuwa binamu yake. Wapiga gitaa walikuwa wawili, na mpaka leo siwezi kuwatofautisha, wala sidhani kwamba muziki wao unawatofautisha. Wa mwisho alikuwa binti aliyepiga dramu. Alfajiri alioka mikate, mchana alikuja mazoezini na unga kwenye viwiko, na ndiye pekee kati yao aliyebisha hodi siku ya kwanza kutusalimu.

Wiki waliyorekodi nyimbo zao tatu, karakana ilikuwa na friji ya chanjo ya zahanati. Gesi ilikuwa imevuja kwenye bomba la shaba, na bomba lilipasuka kwa sababu raba nne zinazobeba kompresa zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo mashine ilitetemeka usiku na mchana. Shangazi aliziba bomba, akajaza gesi, akaiwasha wiki nzima aone kama itashika. Ilishika, lakini ilinguruma. Ilitoa sauti moja nzito, mmmm, ambayo niliisikia kwenye meno nilipokuwa nasoma. Raba za friji ya aina hiyo haziuzwi hapa, zikaagizwa mbali. Shangazi akaizima na kuisukuma ukutani. "Bila raba mpya siirudishi," alisema. "Bomba litapasuka tena, na nesi ataamka siku moja akute dawa zimechemka."

Wiki sita nesi wa zahanati alihangaika. Kila alfajiri alikwenda na boksi la barafu hadi zahanati ya upande wa pili wa mji kuchukua chanjo za siku, na jioni alirudisha zilizobaki. Mwishowe mkuu wake akachoka: friji isiporudi kufikia Ijumaa, kliniki ya watoto itahamishiwa hospitali kubwa. Kina mama wa huku wangelazimika kupanda magari mawili wakiwa na watoto mgongoni. Nesi aliwajua kina mama wake. Nusu yao wasingekwenda.

Wakati huo huo nyimbo za Kimya cha Tatu zilikuwa zimefika mji mkuu, na yule mwandishi wa gia boksi akaandika tena. Mashairi hakuyataja, na kwa hilo namheshimu. Alisifu noti moja. Chini ya magitaa, aliandika, kuna noti nzito isiyokoma, kama mji mzima unaomboleza bila kufungua mdomo.

Redio ya mji ikamwita Koti aeleze. Tulimsikiliza karakana, shangazi akipiga lehemu.

"Ile noti niliipata baada ya siku tatu za kutosema na mtu," alisema Koti, kwa sauti ya mtu aliyetoka kuamshwa. "Ni kilio cha bibi yangu. Na nataka mashabiki waelewe, sisi hatutumii sauti za kompyuta wala za kubandika. Mnachosikia tunakipiga hapo hapo, kwa mikono."

Bibi yake huuza vocha kona ya pili kutoka kwetu, mzima wa afya, na siku hiyo redio yake ilikuwa imewashwa. "Kilio changu?" aliwauliza wateja. "Nimelia lini mimi?"

Debe tupu angalau huvuma lenyewe. Hawa waliazima hata mvumo, na hawakujua wameuazima wapi.

Likapangwa onyesho la Jumamosi katika ukumbi wa mji, na wageni kutoka mji mkuu, mwandishi akiwa miongoni mwao. Bendi ikaanza mazoezi, na noti haikuwepo. Walibadilisha nyaya. Walibadilisha spika. Walibadilishana lawama. Kupitia ukutani tulisikia yote.

"Ongeza besi!"

"Besi ndiyo hii!"

"Si hii, ile!"

"Ile ipi?"

"Ile yetu!"

Shangazi aliinua kichwa. "Wamepoteza nini hawa?"

"Noti, shangazi."

"Wamefagia chini ya meza?"

Alhamisi saa nne asubuhi raba zikaja, nne, ndani ya kijimfuko kisichozidi kiganja. Kabla ya kuzifunga, shangazi aliiwasha friji ya zahanati aisikilize mara ya mwisho. Mmmm. Nyuma ya ukuta magitaa yakanyamaza. Kitu kikaanguka. Kisha miguu mingi, na mlango wetu ukafunguliwa bila hodi.

"Hiyo!" alipiga kelele Koti. "Hiyo hapo!"

Waliizunguka friji kama ndugu aliyerudi kutoka vitani. Mmoja wa wapiga gitaa alikuwa na machozi. Binti wa dramu alisimama mlangoni, akaitazama friji, akamtazama Koti, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Bibi yako huyo," alisema.

Koti hakumsikia. Aliweka mkono juu ya friji. "Mama, usiiguse."

"Mama yako nani?" aliuliza shangazi.

"Samahani. Shangazi."

"Anayeniita shangazi ni huyu." Akanionyesha kwa bisibisi. "Wewe niite fundi. Na utoe mkono, unaacha mafuta ya nywele kwenye mali ya zahanati."

Meneja akajipenyeza mbele, akitabasamu kwa meno yote. "Fundi, tunaomba mpaka Jumapili tu. Iache hivi hivi ilivyo. Jumamosi tunaipandisha jukwaani nyuma ya pazia, Jumapili unaitengeneza. Jina lako tutaliandika kwenye bango."

"Jina langu liko mlangoni. Umelisoma ulipoingia?"

Meneja aligeuka kuutazama mlango, lakini ulikuwa wazi na jina lilielekea nje.

"Si tuirekodi kwa simu?" alisema binti wa dramu. "Dakika moja tu, tumemaliza."

"Nimeshasema redioni hatubandiki sauti," Koti alijibu.

"Basi sema umebadili mawazo."

"Msanii habadili mawazo. Huyakomaza."

Hapo akaingia nesi, boksi la barafu begani, jasho likimtiririka. Alikuwa amekuja kuuliza kama raba zimefika. Meneja alimweleza shida yao kwa upole mkubwa, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini mvua hunyesha. Alitaja utamaduni. Alitaja historia ya mji. Nesi alisikiliza mpaka mwisho, akaweka boksi chini.

"Friji hii ikifungwa raba leo, inahitaji usiku mzima ipoe sawasawa," alisema. "Kesho jioni mkuu wangu anakuja kuipima. Akikuta haipo, kliniki imehama. Hiyo Jumapili yenu mimi nitaifanyia nini?" Akamgeukia Koti. "Wewe ndiye mwenye bibi anayelia?"

"Ni lugha ya picha," alisema Koti.

"Mimi nina watoto mia na kitu wa kuchoma sindano, na hao hawalii kwa picha. Njoo Jumatatu na maikrofoni yako, mwanangu, utachota kilio mpaka uchoke."

Binti wa dramu alicheka. Wengine hawakuona kichekesho.

Shangazi, ambaye mpaka hapo alikuwa akifuta mikono polepole kwa kitambaa, alimpa Koti bisibisi. "Njoo usikilize hicho unachokitaka. Mpini nyuma ya sikio. Hapo."

Koti alifumba macho. Tulisubiri. "Nasikia upweke," alisema.

Shangazi alimnyang'anya bisibisi, akampa binti wa dramu. Binti aliinama, akatega sikio muda mrefu, akihesabu kwa midomo.

"Kuna kitu kinagonga," alisema. "Chini, kushoto, huku nyuma. Hakiendi sawa na vingine."

Shangazi alimtazama kwa namna ninayoijua, maana huwa ananitazama hivyo mara moja kwa mwaka. "Raba ya nyuma kushoto," alisema. "Ndiyo iliyokwisha zaidi. Njoo uninyanyulie hapa."

Akazima friji. Binti akainyanyua kompresa kwa mikono yake ya unga, shangazi akalegeza nati, akazitoa raba kuukuu moja baada ya nyingine, zimekunjamana kama zabibu kavu, akafunga mpya. Kazi ya dakika kumi na tano. Wanamuziki walisimama wakitazama kama watu waliochelewa mazishi. Akawasha. Taa ndogo ya kijani ikawaka, na tukasikia saa ya ukutani.

"Umeua wimbo," Koti alinong'ona.

"Nimetengeneza friji," alisema shangazi. "Mtu aliye karibu na mlango aufunge akitoka."

Ijumaa jioni mkuu wa zahanati aliingiza kipimajoto, akakitazama, akatia sahihi. Kliniki ikabaki.

Jumamosi alasiri tulikwenda ukumbini, shangazi na mimi. Binti wa dramu alikuwa ametuletea tiketi mbili, zimefungwa pamoja na mkate. Shangazi alikaa safu ya nyuma, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa dirishani. Ikaja kujulikana kwamba wiki ile ya kurekodi walikuwa wamekaza nyuzi zao kwa kufuata friji bila kujua. Friji iliponyamaza, kila mmoja alibaki na kumbukumbu yake. Koti alianza juu ya wimbo, mpiga gitaa mmoja akamfuata asimfikie, wa pili akaenda kuwatafuta wote wawili na hakurudi. Kufikia wimbo wa tatu dramu peke yake ndiyo iliyokuwa inajua tulipo. Binti yule aliwashikilia kama mtu anayeshikilia ngazi huku wajinga watatu wakiipanda kwa pamoja. Watu walipiga makofi wamesimama. Walikuwa wameshaambiwa kwamba ni wazuri, na kukaa chini kungekuwa kukiri kwamba wana masikio.

Jumatatu asubuhi makala ilikuwa imeshatoka. Niliifungua kwenye simu wakati shangazi anatundua bisibisi, nikangoja kwa sababu sheria naijua. Alisikiliza friji zote. Aliporudisha bisibisi msumarini na kusema "Haya, hamjambo," nikamsomea. Mwandishi alikuwa amesifu ujasiri wa bendi kuiondoa ile noti mashuhuri na kutuachia uwazi. Aliandika kwamba mwimbaji sasa anatembea kandokando ya wimbo bila kuugusa. Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Alimalizia kwa kusema kwamba mji wetu haujawahi kuwa na sauti kama hii, na kwamba bendi nyingine saba zimeshaanza kumfuata Koti.

Shangazi alisikiliza huku akivaa aproni.

Mimi si mtu wa kuuliza sana. Ningeweza kumuuliza mambo mengi, lakini nilikuwa na moja tu.

"Shangazi, wanastahili sifa hizi?"

"Hapana," alisema. "Yule binti anasikia. Waliobaki hawasikii."