Maziwa ya Asubuhi ya Baba Mkwe

Saa tatu asubuhi, mnada wa Karatu umeshachangamka na Naishorua anapondaponda magome kwa jiwe. Mbele yake, juu ya gunia, kuna mafungu ya olkiloriti, mti ambao Wamasai huchemsha magome yake kwenye supu ili kutuliza tumbo.

Piusi, mkulima wa Rhotia, anachuchumaa na kuongea chini chini, kama mtu aliyekuja kukopa.

"Mama, tumbo linanguruma. Leo nimefunga choo, kesho naharisha. Nikila tu, linajaa."

"Damu ipo?"

"Hapana."

"Ingekuwepo nisingekuuzia kitu. Ningekuambia nenda zahanati. Asubuhi unakunywa nini?"

"Maziwa."

Naishorua anacheka. Anamwambia magome peke yake hayatoshi. Ayachemshe kwenye supu isiyo na mafuta, na maziwa yaliyotoka kukamuliwa aachane nayo, anywe mgando.

Hilo alijifunza kwa tumbo lake mwenyewe. "Ukame wa 1984 ulipokuja, ng'ombe wakakauka maziwa, tumbo likatulia. Mvua ikarudi, maziwa yakarudi, na tumbo nalo likarudi!"

Wateja humsikiliza. Shida iko nyumbani, Ngorongoro. Baba mkwe wake hujikunja kwa maumivu karibu kila siku. Dawa anakunywa, ila anaishushia kwa kibuyu cha maziwa yenye joto la ng'ombe, kisha anailaumu dawa.

"Na mimi ndiye ninayeyakamua," anasema. "Inaniuma sana. Lakini kwetu mkamwana hazungumzi na baba mkwe habari za tumbo lake. Nilimtuma mume wangu. Akasema mtoto hamwambii baba yake aache maziwa, itakuwa amemnyima."

Mwandishi wa gazeti hili anamuuliza: kwa nini asimpelekee tu mgando?

"Asubuhi? Atauliza, ng'ombe wamekufa?"

Tumaini lake sasa ni gazeti. Mzee habishani na gazeti. Mjukuu wake, Lembris, humsomea kila linalofika bomani, hata lile lililokuja limefungiwa sukari ya mgawo.

"Wewe andika. Jina langu usiliweke."

Naishorua si jina lake, basi. Mwandishi anamuuliza kama mzee hatamtambua hata hivyo.

"Atanitambua," anajibu, akifunga magome ya Piusi kwa kamba. "Lakini mdomo wangu utakuwa haujasema."

Kwa hiyo mzee, ukishasomewa haya, kesho kibuyu kikija na mgando usiulize kitu. Ng'ombe ni wazima.