Mvua Nyuma ya Mvua

Jumatano, saa nne na robo asubuhi, tulisikia ndege juu ya mawingu. Mama alikuwa humo. Alitoka Dar kuja kumwosha bibi, mama yake mzazi, aliyefariki alfajiri. Kwetu binti hamwachii mtu mwingine kazi hiyo. Wanawake walishachemsha maji na majani ya mkunazi, wanamsubiri.

Ndege ikazunguka, ikazunguka, kisha mngurumo ukapotea. Wingu jeusi lilikuwa limetanda kuanzia upande wa Isikizya, nje ya mji, hadi uwanja wa ndege.

Kabla ya adhuhuri mama akanipigia, analia. Wamerudishwa Dar, ndege nyingine ni kesho. Rubani aliwatangazia kwamba mvua iliyo mbele ni nzito mno na nyuma yake rada haioni.

Nikampelekea habari mjomba, kaka yake mama, msimamizi wa msiba. Akacheka mbele ya wanaume wote barazani.

"Rada haioni? Si inaona hata gizani! Huyo hakupanda ndege. Kanogewa na Dar, anaogopa maiti ya mama yake."

"Mwache bwana, mvua nayo..." jirani mmoja akasema.

"Mvua gani? Kwani ndege ya makuti? Waambie wanawake wamwoshe, tunazika alasiri."

Kuzika mapema sikatai, ndiyo dini yetu. Lakini eti hakupanda!

Mwalimu wa fizikia alishatufundisha. Rada ya ndege hutuma mawimbi, matone ya mvua huyarudisha, rubani akaiona mvua kwenye kioo cha rada. Ikiwa nzito sana, huyameza mawimbi yasifike ng'ambo. Basi kioo huonyesha huko nyuma hakuna kitu, kumbe huenda ndiko kwenye radi mbaya zaidi. Rubani mjinga angedhani njia ni nyeupe. Wa mama hakudanganyika.

Badala ya kumweleza mjomba hayo, nikarudi kwa wanawake. Mwanamke wa nyumba ya jirani ndiye aliyemwosha bibi. Mimi nilishika ndoo.

Asubuhi yake nilimpita mjomba barazani bila shikamoo.

"We binti, huoni watu?"

"Mama alipanda," nikasema. "Mvua ya mbele ilificha ya nyuma. Rubani angeingia humo, ungemzika na yeye, mjomba."

Sikungoja jibu. Nikaenda uwanja wa ndege kumpokea mama.